Gasaro na Mifupa ya Nyakabuye

Ukifika Nyakabuye na nguo iliyochanika, mtu yeyote atakuelekeza kwa Gasaro. Kibanda chake kiko mkabala na pale mabasi madogo yanaposimama kupakia watu wa Bugarama, na mlangoni kuna gauni la kitenge linaloning'inia mvua na jua. Na ili usipotee, watakwambia bila nia mbaya yoyote, "Ni yule mwenye kibiongo."

Kibiongo hicho alikuwa nacho tangu utotoni. Katikati ya mgongo uti ulikuwa umechomoza kama kiwiko cha mkono uliokunjwa, kiwiliwili kikawa kifupi, mikono ikaonekana mirefu, na akiketi kwenye cherehani ungedhani ameinama kusikiliza jambo ambalo sindano inamnong'oneza. Kwa kuwa alijishonea mwenyewe tangu usichana wake, alijua kukata kitambaa kifuate mwili ulivyo, si ulivyotakiwa kuwa. Wajawazito walimpenda kwa hilo, na wazee, na wanaume wa kiwanda cha saruji cha Muganza ambao bega moja limeshuka kwa kubeba mizigo. Mume wake, Buhendwa, alikuwa Mshi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mtu wa maneno machache anayevusha vitenge mpakani. Alimwoa watu wakinong'ona, na binti yao Aurore, aliyezaliwa kwa kupasuliwa, sasa alikuwa anasoma sekondari Kamembe. Gasaro alikuwa na miaka arobaini na kitu, na kwa jumla hakuwa na ugomvi na maisha yake.

Jambo moja tu halikukaa sawa, nalo lilikuwa la kifamilia.

Gasaro alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kongo zamani. Ndani ya nyumba hiyo waliishi pia babu yake na mdogo wa mama yake, msichana aliyeitwa Mukamusoni. Kazi ya Mukamusoni ilikuwa kuchota maji na kumbeba mtoto. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, mteremko wa Kadutu umekuwa utelezi mtupu, na msichana akaanguka akiwa na Gasaro mgongoni. Baada ya hapo mtoto akaanza kulia mgongo. Akakonda, akawa na homa za usiku, akakataa kutembea. Aliposimama tena, miezi mingi baadaye, uti ulikuwa umeinuka.

Mama yake hakuhitaji maelezo mengine. "Dada yangu ameniharibia mtoto," alimwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza pia aliwaambia. Mukamusoni akapelekwa kwa mjomba wao, mtaa wa Bagira, na hakurudi tena kulala katika nyumba ile. Vita vya Rwanda vilipokwisha familia ikarudi kwao, yeye akabaki Bukavu akiuza sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu. Kati yao palikuwa na mto Ruzizi tu, na daraja ambalo maelfu ya watu hulivuka asubuhi na kurudi jioni, lakini watu wa nyumba hizo mbili hawakulivuka kutembeleana. Mama yake Gasaro alipofariki, Mukamusoni alikuja kuzika. Alisimama nyuma ya waombolezaji wote, kisha akaondoka bila kuonja hata chai. Gasaro alimwona akishuka njiani peke yake. Alitaka kumwita, lakini hakujua atamwambia nini.

Sasa, mwaka wa hadithi hii, vijana wa Nyakabuye walikuwa wanachimba mtaro wa kuteremsha maji kutoka kilimani mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Asubuhi moja jembe likagota, na mifupa ya mtu ikatokea.

Huku kwetu mifupa ikitokea ardhini watu hawapigi kelele. Kazi ilisimama. Wanaume walivua kofia. Viongozi wa sekta walifika, na walifika pia wale ambao tangu mauaji ya mwaka wa tisini na nne hawajawapata wa kwao, wakasimama ukingoni mwa mtaro wakitazama chini. Gasaro alifunga kibanda akaenda kusimama nao, kama alivyofanya kila mtu.

Walioitwa kuchunguza walichukua muda wao. Mifupa ilikuwa chini sana, chini ya udongo ambao haukuwahi kuguswa na jembe. Kando yake palikuwa na chungu kilichopasuka, cha namna ambayo hakuna mzee aliyewahi kukiona, na bangili ya chuma iliyokwisha kuliwa na kutu. Mwishowe mtaalamu wa mifupa, mwanamke aliyeitwa Niyitegeka, alipanda juu ya kifusi akawaeleza watu kwa sauti ya upole kwamba hawa ni watu wa kale, waliozikwa hapa mamia ya miaka kabla ya yeyote anayekumbukwa. Mzee mmoja aliyekuwa akimtafuta kaka yake alimshukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake pole pole. Wengine nao wakatawanyika. Mtaro wa maji ukapindishwa kidogo upite kando, na wataalamu wakajenga banda la turubai juu ya makaburi.

Yalikuwa makaburi matatu. Msimamizi wa mtaro, Sibomana, ambaye suruali zake zote zilikuwa zimepita mikononi mwa Gasaro, ndiye aliyemletea kazi.

"Maman Aurore, bale ba mifupa banatafuta vifuko," alimwambia. "Vya pamba, laini. Hawataki plastiki, wanasema inafanya mifupa itoe jasho."

"Mifupa itoe jasho!" Gasaro alicheka. "Vikubwa kiasi gani?"

"Uende mwenyewe upime."

Akaenda, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Ndani ya turubai kulikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Niyitegeka alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi la kwanza, anafagia kwa brashi ndogo ya rangi, na vijana wawili wanachekecha udongo pembeni. Gasaro alipoingia, wale vijana walimtazama, wakatazama kaburini, kisha wakainamisha macho kwenye chekecheo zao kama watu walioitwa ghafla na kazi.

Gasaro naye akatazama kaburini.

Mtu alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu. Kuanzia shingoni pingili za uti zilishuka moja baada ya nyingine vizuri kabisa, mpaka katikati. Pale zikapinda ghafla, zikachomoza nje, halafu zikaendelea tena kushuka hadi nyongani. Pale zilipopinda hazikuwa pingili tena. Zilikuwa zimeyeyukiana zikawa mfupa mmoja uliobonyea mbele, kama kipande cha sabuni kilichokaa majini.

Hakuwahi kuuona mgongo wake mwenyewe isipokuwa kwenye kioo, akijipinda, na kwa mkono wakati wa kuoga. Lakini aliutambua. Mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe ukagusa.

Niyitegeka aliinuka, mashavu yamemwiva kwa aibu. "Nisamehe, Maman. Ningepaswa kukueleza kabla hujaingia."

"Ni mwanamke?" Gasaro aliuliza.

"Ndiyo. Mtu mzima. Meno yake yamelika, nadhani alikuwa na umri kama wako, au zaidi."

Walikuwa wameanza kwa Kinyarwanda, lakini jambo likimgusa Gasaro moyoni ulimi wake hurudi kwenye Kiswahili cha Bukavu, na Niyitegeka, aliyewahi kusoma Dar es Salaam, akamfuata kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Nani alimuangushaka?"

"Hakuna aliyemwangusha."

"Dokta, si iko wazi? Mugongo umevunjika."

"Hapana, tazama." Niyitegeka alirudi kupiga magoti, na Gasaro, baada ya kusita, akapiga magoti kando yake. "Mtu akianguka, mfupa hupondeka au hupasuka, na ukipona huacha alama ya mpasuko. Hapa hakuna mpasuko. Umeona upande huu wa mbele? Umeliwa. Umeliwa kutokea ndani, taratibu, mpaka ukakosa nguvu ya kubeba ulio juu yake. Ndipo ukalala. Huku nyuma umebaki mzima, ndiyo maana ukachomoza. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Kifua kikuu."

Gasaro alimtazama kama anayetaniwa. "Kifua? Miye nakuuliza mugongo."

Niyitegeka alitabasamu, lakini hakumcheka. Alisema jina hilo limewapotosha wengi. Kijidudu chenyewe hakichagui kifua peke yake. Huingia kwa pumzi, kikatulia mapafuni, na kwa baadhi ya watu, hasa watoto, husafiri kwa damu kikaweka makazi kwenye uti wa mgongo. Mtoto wa namna hiyo huenda asikohoe hata mara moja. Atakonda, atapata homa, atalia mgongo. Wataalamu wameikuta alama hiyo hiyo kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, na kwa Wahindi wekundu wa milima ya Amerika, watu ambao hawakuwahi hata kusikiana. Ni ugonjwa uliotembea na binadamu tangu zamani za zamani, na mifupa ni miongoni mwa mahali pachache ulipoacha nyayo.

"Yapo magonjwa mengine machache yanayoweza kula mfupa hivi," aliongeza. "Kwa hiyo tutachukua jino lake, tulitoboe, tutafute kama kuna chembe za kijidudu zilizobaki. Wakati mwingine zinapatikana. Katika nchi za joto, mara nyingi hazipatikani."

Gasaro hakuwa anasikiliza habari za jino. Alikuwa amerudi Kadutu, katika chumba chenye kitanda kimoja kikubwa, amelala kati ya ukuta na babu yake. Babu alikuwa anakohoa. Alikohoa mvua nzima na kiangazi kizima, akitemea kwenye kopo lenye majivu, na walimzika kabla Gasaro hajaanza shule. Na yeye ndiye aliyekuwa mjukuu kipenzi, analala kifuani pake.

"Dokta," alisema hatimaye, "miye pia inaweza kuwa hii?"

"Siwezi kukupima kwa macho, Maman Aurore. Nenda hospitali wakupige picha."

Huku wilayani Rusizi picha ya mifupa huitwa radio. Wiki iliyofuata Buhendwa alimsindikiza Kamembe, wakakaa kwenye foleni pamoja na watu waliovunjika mikono kwa ajali za pikipiki. Daktari, kijana mpole, aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Pingili tatu zimeshikana kuwa moja, alisema, na kando yake kuna doa la usaha wa zamani uliogeuka chokaa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, cha utotoni, kilichojiponya chenyewe. Hakina hatari tena kwa mtu yeyote. Je, hakuna aliyewahi kumwambia?

"Hapana," alisema Gasaro.

Njiani kurudi Buhendwa alishikilia bahasha ya radio magotini mpaka walipoanza kuteremka kuelekea Bugarama. Kisha akauliza, "Utaenda lini kwa maman mudogo?"

"Nani amekuambia nitaenda?"

Buhendwa akatazama nje dirishani.

Hakwenda mara moja. Kwanza alimaliza vifuko. Kisha Niyitegeka alipoeleza wasiwasi wake kwamba uti uliopinda utakatika njiani, Gasaro alijitolea kushona mto mdogo wenye bonde katikati, kama ule anaoulalia yeye nyumbani. Alijaza pamba, akaujaribu kwa mgongo wake mwenyewe, akapunguza kidogo kwa sababu mwenzake alikuwa mwembamba. Siku walipomlaza yule mwanamke ndani ya sanduku, mto ulimkaa sawasawa. Gasaro aliuliza kama alilazwa ubavu kaburini kwa kuwa hakuweza kulala chali. Yeye mwenyewe hajawahi kulala chali tangu alipopata akili.

Niyitegeka alifikiri. "Ningependa kukwambia ndiyo. Lakini hawa wengine wawili wana migongo mizima, nao wamelazwa vile vile. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba aliugua akiwa mdogo na akaishi mpaka utu uzima. Mtoto asiyeweza kutembea kwa miezi hajichotei maji."

"Kulikuwa mutu wa kumubeba," alisema Gasaro.

"Lazima alikuwepo."

Jumamosi iliyofuata alivuka daraja. Alikuwa na bahasha ya radio kwapani na nusu kilo ya sukari mfukoni. Kuuliza nyumba haikuwa kazi. Wauzaji sambaza wa Kadutu wanajuana wote, na mmoja wao alimpeleka hadi mlangoni.

Mukamusoni alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anachambua samaki. Alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi, na kovu dogo jeupe lilikuwa chini ya kidevu chake. Alimtambua mgeni kabla hajasalimu. Nani asingemtambua?

"Kumefiwa?" aliuliza, mikono imesimama.

"Hapana, Maman Mudogo. Bote beko bazima."

"Basi kuya, ikala."

Gasaro aliketi. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, lakini yote yakampotea. Akafungua bahasha akamwekea ile picha mikononi, hata hakusubiri anawe magamba ya samaki.

"Hii ni mugongo yangu. Dokta amesema ni kifua kikuu. Nilikitoa kwa babu, tulikuwa tunalala kitanda moja. Kilikula mifupa kwa ndani. Sikuanguka, Maman Mudogo. Mutu hakuniangusha."

Mukamusoni aliigeuza picha huku na huku, akaiinua kuelekea jua. Jirani alikuwa anatwanga upande wa pili wa ukuta, na mchi ukaendelea kupiga.

"Lakini niliangukaka," alisema. "Hiyo ni kweli. Niliteleza na ndoo. Nilianguka na uso, kidevu kikapasuka, uone hapa. Weye ulikuwa umefungwa kwa mugongo, haukugusa chini. Ulicheka! Ulifikiri ni muchezo, ukasema, tena!"

"Uliwaambia?"

"Nilikuwa mutoto. Dada alikuwa amekwisha kusema. Nani angesikia?" Alirudisha picha kwenye bahasha kwa uangalifu. "Halafu siku zikaenda, na miye mwenyewe nikaanza kufikiri, pengine aligusa chini. Pengine sikuona. Ukiambiwa kitu miaka yote, unakiona mbele ya macho. Nilikuwa ninaota unaanguka."

Gasaro alimwambia pole. Mukamusoni akatikisa kichwa, na Gasaro akaona kwamba mama yake mdogo hakuwa na furaha aliyoitarajia yeye. Alikuwa na hasira, hasira ya chini kwa chini isiyo na wa kuelekezwa.

"Dada yangu amekufa na uwongo ile moyoni," alisema. "Alinipenda sana mbele ya ile siku. Ni yeye alinisuka nywele."

"Hakujua. Hakuna dokta alimwambia."

"Ndiyo, hakujua. Na babu naye hakujua." Akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na samaki. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "Naweza kukigusa?"

Gasaro aligeuka. Akasikia maji yakimwagwa, mikono ikinawiwa, ikipanguswa. Kiganja kikatua mgongoni pake, kizito na chenye baridi, kikafuata mkunjo wa uti juu mpaka chini, kama anayepima kitambaa. Hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kumgusa pale bila kuharakisha.

"Kinauma?"

"Wakati wa baridi tu."

"Unajua kukalisha nguo," alisema Mukamusoni. "Hii robe imekukaa muzuri."

Wakala ugali wa muhogo na sambaza, na Gasaro akarudi mpakani jua likiwa bado juu.

Mwezi wa Pasaka Mukamusoni alikuja Nyakabuye, akasema atakaa siku tatu, akakaa wiki mbili. Alilalamika kwamba samaki wa Rwanda hana ladha, ingawa ametoka ziwa lile lile. Alimpenda Aurore, akambishia Buhendwa kila jioni kwa Kimashi, lugha ya kwao Buhendwa, mpaka Buhendwa akaanza kuzungumza kuliko alivyozungumza katika ndoa yake nzima. Siku ya Jumapili walikwenda kaburini kwa dada yake. Gasaro alibaki njiani, na Mukamusoni alikaa kule peke yake kitambo kirefu. Aliporudi alikuwa ametulia. Gasaro hakumuuliza alichosema.

Wakiwa bado pamoja, Niyitegeka alipiga simu kutoka Kigali. Jino lilikuwa limetobolewa, na halikutoa chochote. Joto la miaka yote hiyo lilikuwa limekula kila chembe. Mifupa yenyewe ilikuwa imekwisha kusema vya kutosha, alisema, kwa hiyo ataandika kwamba ni kifua kikuu kwa kadiri jicho linavyoweza kujua. Wangejaribu tena kwa kipande cha uti, taratibu, bila kumharibu.

"Amesema nini?" Mukamusoni aliuliza simu ilipokatwa.

"Hawajapata kile kijidudu. Watatafuta tena."

"Na ule mwanamke, banamutunza muzuri?"

"Amelala juu ya mto."

Mukamusoni akaitikia kwa kichwa, akasogeza kiti karibu na cherehani. Mteja alikuwa mlangoni, mama kijana ameshika mkono wa msichana mdogo aliyetembea amejikaza, mkono kiunoni, na alitaka kushonewa sketi ya shule. Gasaro hakuchukua utepe. Alimwuliza mtoto mgongo unamuuma tangu lini, na usiku anatoka jasho au hatoki. Kisha akavaa viatu, akamwachia Mukamusoni kibanda, na akawasindikiza yeye mwenyewe hadi kituo cha afya.